Bei ya Picha ya Jino Itajwe Kabla Mashine Haijalia

Nilikwenda kwa daktari wa meno kukaguliwa na kusafishwa meno tu. Sikuwa na jino la kung'oa wala la kuziba. Mapokezi walichukua kadi ya bima, nikatia saini kwenye karatasi mbili ambazo sikuzisoma, nikalala kwenye kile kiti. Msaidizi akanivika aproni nzito kifuani, akaniingizia kinywani kidude bapa chenye waya, kikanichoma chini ya ulimi. “Ng'ata taratibu, usitikisike.” Mashine ikalia. Akakihamisha, ikalia tena. Nilihesabu milio minne, miwili kila upande wa magego. Kisha akanipeleka chumba cha pili, nikasimama nimeegemeza kidevu huku mkono wa mashine ukinizunguka kichwa kutoka sikio moja hadi la pili. Shughuli nzima haikufika dakika kumi, na hakuna aliyetaja fedha.

Bili ilikuja wiki tano baadaye. Ukaguzi ulikuwa umelipwa wote, na usafishaji vilevile. Chini yake palikuwa na mstari wa tatu: “Seti kamili ya picha za kinywa. Hailipwi hadi miaka mitano itimie.” Mbele yake kiasi ninachodaiwa, na kiasi hicho kilizidi ukaguzi na usafishaji vikiwekwa pamoja. Nilisoma mstari huo mara kadhaa kwa sababu seti kamili sikuwahi kupigwa. Nilipigwa picha nne ndogo na moja ya taya.

Nikapiga simu kliniki. Binti wa mapokezi alinijibu kwa upole: “Dada, daktari aliona zinahitajika, ndiyo maana zikapigwa. Mambo ya kulipwa au kutolipwa waulize watu wa bima.” Watu wa bima nao walinijibu kwa upole uleule: mwanachama anatakiwa kuijua mipaka ya kifurushi chake. Nilipokata simu sikuwa na wa kumkasirikia. Daktari hakunidanganya na bima haikuvunja mkataba. Kila mmoja alikuwa amefanya kilichoandikwa upande wake, na pengo lililobaki katikati yao nikaachiwa mimi nilijaze.

Tangu siku hiyo nimewauliza watu wengi kuhusu bili zao za meno, na nimeshangaa jinsi kisa hiki kinavyojirudia. Mara chache wanalalamikia kung'oa au kuziba, maana huko mtu anajua anakwenda kulipia nini na huuliza mapema. Kinachowashtua ni picha. Kwa hiyo nina dai moja, na nitalitetea hadi mwisho wa makala haya: jukumu la kujua kama picha italipwa si la mgonjwa. Ni la wale wawili wenye taarifa, kliniki na bima, na wanapaswa kulitimiza kabla mashine haijalia.

Kwanza tukubaliane kwamba picha yenyewe si anasa. Tundu linaloanza katikati ya magego mawili yanayogusana haliwezi kuonekana kwa kioo wala kwa taa. Usaha unaojikusanya kwenye ncha ya mzizi unaweza kukaa miezi bila maumivu. Mfupa unaoliwa polepole chini ya fizi hautoi ishara hadi jino lilegee. Hata eksirei yenyewe huchelewa, kwani jino hupoteza sehemu kubwa ya madini yake mahali palipoanza kuoza kabla doa halijajitokeza vizuri kwenye picha. Daktari anayekagua kinywa bila picha anasoma kitabu kwa kuangalia jalada.

Wataalamu waliliona hilo mapema mno. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii tarehe 8 Novemba 1895 mjini Würzburg, Ujerumani, na hakutaka kuichukulia hataza ili kila mtu aitumie. Ilipofika Januari 1896, daktari wa meno Otto Walkhoff wa Braunschweig alikuwa tayari amejipiga picha ya meno yake mwenyewe, akikaa tuli kwa dakika 25. Kule New Orleans, Marekani, daktari wa meno C. Edmund Kells alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia kwa wagonjwa. Mionzi ile ilimla vidole na hatimaye mkono mzima. Mwaka 1925 daktari mwingine wa meno wa Marekani, Howard Riley Raper, akaleta picha ya kung'ata, ileile niliyopigwa mara nne, mahsusi kwa ajili ya kuona kati ya jino na jino. Watu waliumia ili sisi tuweze kuona ndani ya taya bila kupasua. Leo dakika 25 zimekuwa sehemu ya sekunde, na dozi imeshuka hadi mikrosiverti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) chache kwa picha moja ndogo, takriban sawa na mionzi ya asili anayoipata mtu kwa siku moja hivi akiwa anaendelea na shughuli zake.

Sasa bima inakihesabuje kitu hiki? Kwa kalenda. Hapo ndipo tatizo lilipo, na ningeomba msomaji anivumilie kidogo.

Mipango mingi ya bima ya meno huweka kipimo cha muda: picha za kung'ata mara moja kwa mwaka, na picha ya taya zima au seti kamili mara moja kila miaka mitatu hadi mitano. Ukisoma haraka utaona ni utaratibu wa busara. Lakini uweke kando ya ushauri wa kitabibu. Mwongozo uliotolewa mwaka 2012 na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani pamoja na mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo unamgawa mgonjwa kwa hatari aliyo nayo. Mtu mzima asiye na tundu lolote na asiye katika hatari kubwa anashauriwa picha za kung'ata kila baada ya miezi 24 hadi 36. Mtu mzima mwenye matundu, au aliye katika hatari kubwa ya kuyapata, ni kila baada ya miezi 6 hadi 18. Mtoto aliye katika hali hiyo ni kila baada ya miezi 6 hadi 12. Na juu ya yote, mwongozo unataka daktari amkague mgonjwa kwanza, asome historia yake, ndipo aamue.

Linganisha. Mtu mwenye meno mazima hahitaji picha kila mwaka, lakini bima yake inazilipia kila mwaka. Mtu mwenye kinywa kibaya, anayekaushwa mate na dawa anazotumia au mwenye matundu mapya kila akikaguliwa, huenda akahitaji picha baada ya miezi sita, na yeye ndiye anayeambiwa asubiri. Kwa hiyo kipimo cha mwaka kinakosea pande zote mbili kwa pamoja. Kinamlipia asiyehitaji na kumkatalia anayehitaji. Kingekuwa kinabana matumizi tu ningekielewa. Lakini hakibani. Kliniki nyingi zimejifunza kupiga picha kila mwaka kwa sababu tu zinalipwa kila mwaka, na “bima yako inagharamia” limekuwa jibu la swali ambalo mgonjwa hakuuliza. Ruhusa ya kulipwa imegeuka kuwa sababu ya kupiga.

Nalisema hili nikijua kwamba wapo madaktari wengi waadilifu ambao hawapigi picha hadi wakague. Ninachokisema ni kuhusu msukumo, na msukumo huo unaeleweka: mashine ile ni ghali, imenunuliwa kwa mkopo mara nyingi, na picha ni huduma isiyochukua muda wa daktari.

Kalenda yenyewe nayo ina mitego. “Mara moja kwa mwaka” inaweza kuwa na maana ya mwaka wa kalenda, yaani Januari hadi Desemba, au mwaka wa mkataba unaoanza siku uliyojiunga, au miezi 12 kamili tangu picha ya mwisho. Mtu aliyepigwa tarehe 20 Machi mwaka jana akirudi tarehe 12 Machi mwaka huu, siku hizo nane zinatosha kumhamishia bili yote. Na hesabu inamfuata mwanachama, haifuati kliniki. Ukihama daktari, picha ulizopigwa kwa yule wa zamani zinaendelea kuhesabiwa juu yako, hata kama daktari mpya hajawahi kuziona.

Hilo ndilo lililonikuta mimi. Kwenye simu ya tatu nilimpata mhudumu mmoja wa bima aliyekuwa na subira, akanieleza kitu ambacho hakimo kwenye kijitabu chochote nilichopewa. Picha za kung'ata zikipigwa siku moja na picha ya taya, mpango wangu huziunganisha na kuziita seti kamili. Seti kamili kwa maana ya kitabibu ni picha 14 hadi 22 zinazoonyesha kila jino na mzizi wake. Mimi nilipigwa tano. Lakini kwa maana ya malipo, tano zangu ziligeuzwa kuwa seti, na kwa kuwa miaka minne nyuma nilipigwa picha ya taya kwenye kliniki nyingine, nayo ikahesabiwa ni ya kundi lilelile, basi haki yangu ilikuwa bado haijafika. Nikamuuliza: je, kama zile nne zingepigwa siku hiyo na ile ya taya isipigwe? Akanyamaza kidogo, nikasikia akibonyeza vitufe. “Zile nne zingelipwa zote.”

Kwa hiyo tofauti kati ya bili na kutokuwa na bili ilikuwa picha moja, ambayo kwa ukaguzi wa kawaida wa mtu asiye na maumivu wala jino la kung'oa haikuwa na haraka yoyote. Msaidizi aliyenisimamisha mbele ya ile mashine hakulijua hilo. Daktari hakulijua. Mimi ndiye niliyetakiwa kulijua, mimi nisiyejua hata jina la picha niliyokuwa napigwa.

Kuunganisha huku si kwa mpango wangu peke yake. Mahali pengine picha ndogo za jino mojamoja zikifika gharama fulani, zinahesabiwa kuwa seti hata kama ziko sita tu. Mahali pengine picha zimewekwa kundi la kinga na kulipwa zote, na kwingine zimewekwa kundi la matibabu ya msingi, ambako mwanachama anachangia asilimia fulani baada ya kumaliza kile kiasi cha kwanza cha kujilipia mwenyewe. Katika mipango mingi, hata picha iliyolipwa inapunguza kikomo cha malipo ya mwaka, kwa hiyo ile iliyopigwa mwezi wa pili bila ulazima inaweza kukosesha jino tiba ya mzizi mwezi wa kumi.

Liko jambo moja linaloniumiza kuliko mengine yote. Daktari akitaka kuweka kofia ya jino au kutibu mzizi, bima mara nyingi hudai picha ya jino hilo kama ushahidi kabla ya kutoa idhini. Bila picha, dai linarudishwa. Lakini picha hiyohiyo iliyodaiwa na bima, ikiwa mgonjwa amemaliza idadi yake, bima inaweza kuikataa. Anayehitaji ushahidi ni bima na anayeulipia ni mgonjwa. Kwa mtazamo wangu hii ni kasoro isiyo na utetezi. Anayedai picha kama sharti la malipo ailipie, bila kujali kalenda inasema nini.

Kwa nini meno yanatendewa hivi wakati mguu uliovunjika haupigwi mahesabu ya miaka mitano? Sehemu ya jibu iko kwenye historia. Taaluma ya meno ilikua nje ya hospitali. Chuo cha kwanza cha madaktari wa meno kilifunguliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1840, kikiwa kimejitenga na shule za udaktari, na tangu hapo mafunzo, leseni, majengo na vitabu vya malipo vikaenda njia yake. Serikali zilipoanza kujenga mifumo ya afya, jino mara nyingi liliachwa mlangoni. Uingereza ililiingiza mwaka 1948 bila malipo, lakini kufikia mwaka 1951 ada ya meno ya bandia ilikuwa imepitishwa, na waziri aliyeuasisi mfumo ule, Aneurin Bevan, akajiuzulu. Mpango wa bima ya afya kwa wazee wa Marekani wa mwaka 1965 uliacha huduma za kawaida za meno nje. Sheria ya afya ya Kanada ya mwaka 1984 inatambua upasuaji wa meno unaolazimu kufanyiwa hospitalini, basi. Kinywa kikawa kiungo chenye kadi yake ya pembeni.

Na kadi hiyo ya pembeni si bima kwa maana tuliyoizoea. Bima ya nyumba hailipi balbu ikiungua, inasubiri moto. Bima ya meno inafanya kinyume: inalipa vitu vidogo vinavyotabirika, ukaguzi na usafishaji, kisha inafika ukomo pale gharama inapokuwa kubwa. Ukiitazama hivyo, unaelewa kwa nini imejaa mipaka ya idadi na tarehe. Ni mfuko wa akiba wenye masharti, na picha ni moja ya mahali rahisi pa kuubania.

Matokeo yake hayaishii kwenye karatasi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu takriban bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha kati. Kuoza kwa meno ya kudumu ndiyo hali inayowapata watu wengi kuliko zote. Maradhi haya yanazuilika, na yakionekana mapema yanatibika kwa gharama ndogo. Sasa mfikirie mtu aliyepigwa bili ya ghafla kwa sababu ya picha. Mwaka unaofuata anapoambiwa “tupige picha,” anakataa. Nami nilikataa. Nilirudi kliniki kwa usafishaji, msaidizi akachukua aproni, nikamwambia hapana kabla hajamaliza kunyoosha mkono. Sikuuliza kama nina hatari yoyote, wala yeye hakuniuliza kwa nini. Niliogopa bili kuliko nilivyoogopa tundu, na katika hali hiyo hakuna uamuzi wa kitabibu unaofanywa na mtu yeyote.

Ninazijua hoja za upande wa pili. Madaktari kadhaa wameniambia kwamba hawawezi kuahidi kiasi ambacho bima italipa, kwa sababu hata wakipiga simu wanajibiwa kwamba kuthibitisha uanachama si ahadi ya malipo. Hilo ni kweli, na ni aibu ya bima kuliko ya daktari. Mwingine alisema kutaja bei kitini kunamfanya mgonjwa amwone daktari kama mchuuzi. Hapo simkubali. Mgonjwa anayepokea bili asiyoitarajia ndiye anayemwona daktari wake hivyo, tena akiwa nyumbani peke yake, bila wa kumweleza. Na wapo watu wa bima wanaosema kwamba wakiondoa mipaka, kliniki zitapiga picha bila kikomo na mchango wa kila mwanachama utapanda. Hofu hiyo ina msingi. Ila mpaka unaoweza kuzuia matumizi mabaya bila kumwonea mgonjwa upo tayari, nao ni hatari yake, iliyoandikwa na daktari kwenye faili. Fomu ya dai ingeongezewa sehemu moja tu: mgonjwa huyu yuko kundi gani, na kwa nini. Daktari anayewaweka wagonjwa wake wote kundi la hatari kubwa ataonekana kwenye takwimu za bima ndani ya miezi michache.

Kutaja bei mapema si ndoto. Nchini Marekani sheria dhidi ya bili za kushtukiza ilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2022, na inamlazimu mtoa huduma kumpa mgonjwa asiye na bima, au anayejilipia mwenyewe, makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya huduma iliyopangwa. Madaktari wa meno wamo. Lakini mwenye kadi ya bima ya meno inayouzwa peke yake hakuwekewa kinga hiyo dhidi ya bili za kushtukiza. Maana yake ni kwamba mtu asiye na bima anaweza kuketi kwenye kiti kilekile akijua anachodaiwa, na mwenye bima asijue. Kama kliniki inaweza kumwandikia wa kwanza makadirio, uwezo wa kumwandikia wa pili inao pia. Kinachokosekana ni bima kufungua hesabu zake.

Na hesabu hizo zipo. Yule mhudumu mwenye subira alipata jibu langu kwa kubonyeza vitufe kwa muda usiofika dakika mbili: tarehe ya picha ya mwisho, aina yake, siku haki inayofuata inapofunguka. Taarifa hiyohiyo ingeonekana kwenye kompyuta ya mapokezi wakati kadi inapopokelewa, nisingeandika makala haya. Napendekeza iwe sharti la mkataba kati ya bima na kliniki: mapokezi waione, wamweleze mgonjwa kwa lugha yake, na picha yoyote iliyopigwa bila mgonjwa kuelezwa isidaiwe kwake. Wenyewe wagawane hasara. Hasara ikiwafikia mara mbili tatu, vitufe vitabonyezwa mapema.

Hadi hapo patakapofika, mgonjwa anabaki na maswali. Mimi sasa nauliza kabla ya kuvikwa aproni: mnataka kupiga picha za aina gani, ngapi, na mnatafuta nini? Daktari mwenye sababu huijibu kwa sentensi moja, na sentensi hiyo mara nyingi hunitosha. Nauliza pia mara ya mwisho nilipigwa lini kwa mujibu wa bima, siyo kwa mujibu wa kumbukumbu zangu. Bili ikija yenye jina la kitu nisichokikumbuka, naomba orodha ya picha mojamoja pamoja na namba zake za huduma, kisha naomba dai lipitiwe upya kwa barua ya daktari inayoeleza sababu. Rufaa hizo zinafaulu mara nyingine, hasa palipokuwa na maumivu au uvimbe ambao haukuandikwa kwenye dai la kwanza. Ile ya kwangu haikufaulu. Nililipa kwa awamu tatu.

Lakini kitu ambacho ningependa kila mtu akifanye ni kuomba nakala ya picha zake. Siku hizi picha ni faili tu, inatumwa kwa barua pepe kabla hujavaa viatu. Picha zikibaki kliniki ya zamani, kliniki mpya haina budi kupiga nyingine, na hapo ndipo kalenda inapokunasa. Mtu asione haya kuziomba, ni za kinywa chake.

Mwaka huu nilihama tena daktari. Nilimfungulia picha zangu kwenye simu, akaziomba kwa barua pepe, akazikuza kwenye skrini yake, akavuta kiti karibu. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. “Za kushoto zinanitosha,” alisema. “Hili gego la juu kulia lina kivuli hapa pembeni, na picha ni ya zamani. Nahitaji moja ya upande huu.” Akamwita mtu wa mapokezi, wakaitazama kadi yangu, akaniambia kiasi. Nikasema sawa. Kile kidude kikanichoma chini ya ulimi kama kawaida yake, mashine ikalia mara moja, na kivuli kilikuwa tundu dogo ambalo bado halijafika ndani. Aliliziba siku hiyohiyo.